Mtoto wa miezi 10 anakataa kila kitu ninachopika, nifanye nini?

Swali lenyewe kwa kifupi: mama mmoja wa Nyalenda, Kisumu, ana binti wa miezi 10 ambaye tangu aanze kula hajawahi kumaliza bakuli. Anampikia uji wa unga wa mchanganyiko (wimbi, mtama, mchele, soya, njugu, omena na mihogo, vyote vimesagwa pamoja), anamsagia viazi, karoti, sukuma na maini kwa blenda, na yote mtoto anatema ama anafunga mdomo kabisa. Anachotaka ni nyonyo, chai ya maziwa na biskuti. Mama anauza nguo soko la Kibuye, anatoka asubuhi na kurudi jioni, mtoto anabaki na dani yake (nyanya yake) ambaye siku hizi anamshika na kumnywesha uji kwa nguvu. Jirani anasema mtoto akatwe kimio (kile kinyama kinachoning'inia kooni), kemisti wamemuuzia sirapu ya kuongeza hamu. Kilo zilikuwa 7.2 akiwa na miezi 7, 7.5 siku ya chanjo ya surua ya miezi 9, na sasa ni 7.6. Anauliza kama amwachishe nyonyo ndio njaa imshike.

Mama, pole sana. Kutoka soko umechoka, uingie jikoni upike, halafu mtoto anageuza uso ata kabla kijiko hakijamfikia, hiyo inauma, na watu wakianza kukuambia ati hujui kulisha inauma mara mbili. Hujakosea kwa kumpenda na huyo mtoto hana ukaidi. Kazi yangu ni lishe ya watoto, na nikisoma vile umeeleza siku yake naona mtoto anayefika kwa chakula tumbo likiwa limeshajaa, anawekewa kitu chepesi chenye ladha ileile jana leo na kesho, na saa hii ameanza pia kuogopa bakuli lenyewe. Hayo yote yanarekebishika bila dawa. Na usimwachishe nyonyo, tafadhali, nitakueleza.

Lakini kabla ya mapishi tuangalie hizo kilo kwanza manake ndizo zimenifanya nijibu haraka. Kwa chati ya ukuaji, msichana wa katikati ana kama kilo 7.6 akiwa na miezi 7 na kama 8.5 akifika miezi 10. Sikuambii wako awe na 8.5, kuna watoto wadogo wa mwili na wako sawa kabisa, shida si udogo. Shida ni kwamba wa katikati ameongeza karibu gramu 900 hiyo miezi mitatu na wako ameongeza 400, na kati ya miezi 9 na 10 ni gramu 100 peke yake, so ile laini yake kwa kitabu cha kliniki imeanza kulala. Hajafika pabaya. Bado yuko juu ya mstari wa hatari, ambao kwa msichana wa miezi 10 uko karibu kilo 6.7. Ila laini ikilala tunaamka mapema, hatungoji ianguke.

Kwa hivyo wiki hii, si mwezi ujao, mpeleke kliniki na uombe vitu kadhaa. Apimwe kilo na urefu, na mkono upimwe kwa ule utepe wa rangi (kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5), ata CHP (mhudumu wa afya ya jamii) wa mtaa wenu anaweza kukupimia hapo nyumbani, mwite. Waangalie mdomo, kama kuna utando mweupe usiofutika juu ya ulimi na ndani ya mashavu hiyo ni fangasi na inamuuma akimeza, kama ni fizi zimevimba kwa sababu jino linatoka pia utajua. Apimwe damu. Hii ya damu naisisitiza sana kwa mtoto wa huku kwetu kwa ziwa, manake akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huisha karibu na miezi 6, maziwa ya mama yana chuma kidogo tu, na ukiongeza malaria hapo damu inashuka haraka. Na mtoto aliyepungukiwa damu hamu ya chakula inapotea, sasa hali, damu inazidi kushuka, hamu inazidi kupotea, anazunguka hapo hapo. Unaweza kupika vizuri namna gani na bado akakataa juu shida iko kwa damu. Kama amekuwa na joto joto apimwe malaria siku hiyo hiyo, ata kama alipata chanjo ya malaria, ile chanjo inapunguza ugonjwa lakini haiuzuii wote. Na kama kwa familia kuna selimundu (sickle cell) ama amewahi kuvimba vidole vya mikono na miguu, sema, usinyamaze.

Tuseme amepimwa na hana ugonjwa. Sasa tuingie jikoni.

Umesema unatoka asubuhi na kurudi jioni, halafu ukarusha kidogo tu kwamba usiku ananyonya "kama saa". Hapo ndipo nimeweka kidole. Mchana hayuko na wewe, so anajilipa usiku, ananyonya saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, akiamka asubuhi hana njaa, dani anamletea uji anakataa, inafika saa tano analia anapewa chai na biskuti ndio anyamaze, mchana tumbo lina chai, jioni unafika na kitu cha kwanza anaona ni nyonyo. Niambie, hapo njaa ya chakula ingeingia saa ngapi? Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo, huyu wa kilo 7.6 ni kama mililita 230, haifiki kikombe. Kikombe cha chai kikiingia, pamejaa.

Watu wengi wakisikia hivo wanasema basi mwachishe. Hapana. Kwa umri huu maziwa yako bado yanampa karibu nusu ya nguvu anayohitaji kwa siku, ukiyaondoa ghafla wakati hajajua kula utakuwa umemnyang'anya nusu aliyonayo ukitumaini ile nyingine itakuja yenyewe, na pia utamwongezea huzuni. Aendelee mpaka miaka 2 na zaidi. Tunachobadilisha ni mpangilio. Mpe nyonyo alfajiri kabla hujatoka, kisha chakula cha kwanza kama masaa mawili baadaye. Jioni ukifika najua atakurukia, na ata wewe matiti yamejaa, mnyonyeshe kidogo mkisalimiana, halafu chakula cha jioni kikifuata saa moja baadaye, na nyonyo ya kushiba ije baada ya chakula. Usiku punguza pole pole, ile ya kunyonya dakika mbili na kulala na titi mdomoni ndiyo ya kuanza nayo, si zote kwa mpigo.

Chai itoke kabisa. Chai inazuia chuma cha kwenye chakula kisiingie mwilini, na hapo tunatafuta chuma kwa tochi. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa pia yangoje afike mwaka mmoja, kidogo ndani ya chakula si neno. Biskuti najua zinamnyamazisha na dani anaonekana amefanya kazi nzuri, lakini biskuti mbili za asubuhi zinaharibu chakula cha mchana chote. Na kama anapata juisi ama ile yoghati ya sukari, ni mambo hayo hayo.

Sasa unga. Unga wa mchanganyiko naona karibu kila nyumba kuanzia Nakuru mpaka Busia, kila mtu ameambiwa ukiweka vitu vingi ndio mtoto anapata vyote, na nia ni nzuri kabisa. Ila angalia. Soya na njugu na omena zikisagwa pamoja na nafaka mafuta yake yanaharibika haraka, unga ukikaa wiki kadhaa kwa mkebe unaanza kunuka na kuwa mchungu, wewe unaongeza sukari ndio isisikike, mtoto anasikia. Soya isiyokaangwa ama kupikwa muda mrefu inasumbua tumbo. Njugu zenye ukungu zina sumu ya kuvu, na zikishasagwa huwezi tena kuchambua iliyo mbaya. Na mtoto akitokwa na vipele hutajua ni nini kati ya hivo saba. Mimi naomba tu usage wimbi peke yake, ama wimbi na mahindi meupe safi makavu, halafu hivo vingine viingie kwa sufuria siku hiyo hiyo, kijiko cha njugu za kusagwa laini leo, kesho yai, kesho kutwa unga wa omena.

Na uji uwe mzito! Ukigeuza kijiko usidondoke kama maji. Hapa ndipo akina mama wengi wanapotea bila kujua, mtoto anakataa, tunaongeza maji ndio apitishe, anakunywa kikombe kizima tunafurahi, kumbe kikombe chote ni maji na kijiko kimoja cha unga. Maziwa yako yana kama kalori 65 mpaka 70 kwa mililita 100, ule uji mwepesi haufikii ata nusu ya hapo, kwa hivyo kila ukimjaza huo unaondoa maziwa mazuri unaweka maji ya rangi. Mtoto wa miezi 9 mpaka 11 anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwa chakula, hiyo si nyingi, nusu kikombe cha chakula kizito mara 3 ama 4 na kitu kidogo katikati inatosha. Kijiko cha chai kimoja cha mafuta ya kupikia kinaongeza kama kalori 40 bila kuongeza ujazo. Ovakado ya kuponda inafanya vivyo hivyo, na msimu wake Kisumu zinatoka Kisii kwa magunia.

Kama uji mzito unamshinda kumeza kuna njia ya zamani ambayo wazee wanaijua kwa sababu nyingine, kimea, huko Western wanaita mamera. Loweka wimbi usiku mmoja, mwaga maji, funika na kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka ichipue, anika jua kali, pikicha vile vichipukizi vitoke, peleka poshomili. Ukishapika uji mzito kabisa kama ugali laini, utoe kwa moto upoe kiasi, koroga kijiko cha chai cha huo unga, ngoja kama dakika 10, utaona unalegea wenyewe bila ata tone la maji, kisha rudisha motoni uchemke. Unakuwa mwepesi kumeza na chakula kiko vile vile. Tumia wimbi tu, usichipulishe mtama, vichipukizi vya mtama vina sumu.

Halafu blenda, naomba uipumzishe. Miezi 6 sawa, miezi 10 hapana. Viazi, karoti, sukuma na maini vikishasagwa pamoja vinakuwa kitu kimoja cha rangi ya matope, na kila siku ni hicho hicho, mtoto hawezi kujua kiazi ni nini na maini ni nini. Kuanzia kama miezi 8 wanataka kushika na kutafuna ata bila meno, fizi zina nguvu, na wakikaa sana kwa vitu laini kama maji wanakuja kukataa vyenye chembe baadaye. Ponda kwa uma, acha vidonge vidonge, weka kila kitu upande wake kwa sahani. Mpe kiazi kitamu kilichochemshwa kikaiva, kile cha rangi ya chungwa ni kizuri sana kwa vitamini A, ukate kirefu kama kidole ashike mwenyewe. Atakwama kidogo na kukohoa na kutoa ulimi nje, hiyo ni kawaida anajifunza, ila akinyamaza kabisa, hapumui, rangi inabadilika, huko ni kunyongwa, mlaze kifudifudi kwa mkono wako kichwa kikiwa chini umpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Ndio maana njugu nzima, mahindi ya nyoyo (githeri), vipande vya karoti mbichi na popkoni havikaribii mtoto huyu, na kamwe asile akiwa amelala ama bila mtu kando.

Kwa huku Kisumu hatukosi nyama ya kumpa mtoto, tuna ziwa. Ngege (tilapia) ichemshwe na nyanya na kitunguu bila chumvi na bila royco, toa sehemu yake kabla hujatia zenu, halafu ichambue kwa vidole si kwa macho, mara mbili, vidole vinaona miiba. Omena chagua zilizokauka vizuri, toa vichwa ndivyo vyenye uchungu, osha na maji moto mpaka mchanga uishe, kausha kwa sufuria moto mdogo, twanga, weka kwa mkebe mkavu, kijiko kimoja kwa chakula cha mchana. Maini mara moja ama mbili kwa wiki, kidogo tu. Yai liive kabisa. Mboga, dek (saga) na osuga (managu) ni nzuri lakini uchungu utamshangaza, anza na kunde ama mrenda ukaichanganya na ugali laini, mrenda unateleza wanaupenda sana. Weka na nyanya ama umpe kipande cha chungwa ama papai baadaye, vitamini C yake inasaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Asali hapana mpaka mwaka 1, chumvi na sukari pia zingoje.

Na akikataa? Atakataa. Chakula kipya kinaweza kuhitaji mara 8, wengine ata 15, kabla mtoto hajakubali, na kukunja uso si kukataa, ni kushangaa. Jana ametema mrenda, kesho kutwa mletee tena kijiko kimoja bila maneno. Wengi wetu tunaacha mara ya tatu tunasema "huyu wangu hapendi samaki".

Sasa dani. Hapa nitasema kwa heshima manake yeye amelea watoto wengi na anafanya hivyo kwa uoga wa kuona mjukuu anakonda. Kumziba pua na kumwagia uji mdomoni kuachwe leo. Mtoto akilia huku anamiminiwa, uji unaweza kuingia kwa mapafu, na nimonia ya namna hiyo inaua, na ata ukipita vizuri kooni mtoto ameshajifunza kwamba bakuli likionekana ni mapambano, ndiyo unaona anafunga mdomo kabla hajaonja. Usiende ukamwambia dani amekosea mbele za watu. Kaa naye jioni, mwambie daktari wa lishe amesema tubadilishe, na mpe kazi ambayo yeye ndiye fundi, kutwanga omena, kuchambua samaki, na kubwa zaidi, mtoto akae mapajani ama kando yake wakati yeye mwenyewe anakula. Watoto wanaiga. Mtoto anayekataa bakuli lake mara nyingi ananyosha mkono kwa sahani ya nyanya yake, basi acha achote hapo, mikono ya wote wawili ikiwa imeoshwa na sabuni. Simu na katuni zizimwe. Dakika 20, mwisho 30, akigeuza kichwa mara kadhaa basi chakula kinaondolewa bila ugomvi na bila biskuti ya kumbembeleza, anangoja kinachofuata baada ya masaa mawili hivi. Kazi yenu nyinyi ni kuleta chakula kizuri kwa saa yake, kiasi gani kiingie ni yeye anaamua. Najua hiyo ni ngumu kumeza ukiangalia hizo kilo lakini ndiyo njia inayorudisha hamu.

Kukata kimio usikubali ata ukiambiwa na mtu unayemheshimu. Kile kinyama kila mtu anacho na hakizuii mtoto kula. Kukikata kwa wembe huko mtaani ni damu nyingi kwa mtoto ambaye pengine damu tayari ni kidogo, ni pepopunda, ni virusi, na kidonda kooni kwa mtoto unayetaka ale. Na wale wanaosema kuna meno ya plastiki kwa fizi yang'olewe, hayo ni meno yake yanayokuja. Nasema kwa nguvu kwa sababu watoto wanafika hospitali wakiwa wamechelewa.

Sirapu, soma lebo. Kama imeandikwa cyproheptadine iache, haifai mtoto chini ya miaka 2, inamlaza usingizi na mtoto wa kulala hali. Kama ni ya chuma usimpe kwa kukisia, ngoja majibu ya damu upewe kipimo chake kliniki. Kile cha vitamini A cha miezi 6, angalia kwa kitabu kama alipata, kama hakupata mwambie nesi.

Siku tatu nne za kwanza zitakuwa mbaya, nakuambia mapema ndio usirudi kwa biskuti. Atalia chai. Wiki ya pili kawaida unaona vijiko vinaongezeka, leo vitano, kesho viwili, kesho kutwa nane, inapanda na kushuka, usihesabu kwa mlo mmoja, angalia wiki nzima. Akipata malaria ama kuhara katikati atarudi nyuma, hapo mnyonyeshe zaidi, mpe kidogo kidogo, na akipona mwongeze mlo mmoja zaidi kwa siku kwa wiki 2 ndio arudishe alichopoteza.

Usingoje kliniki wala asubuhi ukiona haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ametetemeka na degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua kwa shida, amevimba miguu yote miwili, ama nepi imekaa kavu masaa mengi. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, ata kama ni usiku wa manane.

La sivyo mpime kilo kila baada ya wiki mbili, mizani ile ile, bila nguo nzito, iandikwe kwa kitabu. Kwa mwezi nataka kuona angalau gramu 200, ikifika 300 nitafurahi sana. Mwezi ukiisha na laini bado imelala, ama utepe ukasoma njano, usingoje ile tarehe ya dawa ya minyoo na vitamini A ya mwaka mmoja, rudi na kitabu chako uulize ofisi ya lishe, kuna chakula cha tiba kinachotolewa huko na unaruhusiwa kukiomba.